Mume Asiyeketi

Lameki alikula amesimama. Fainesi alikuwa amemwekea sahani ya ugali wa nsima na kambare juu ya mkeka barazani, na pembeni akamwekea kigoda, lakini Lameki aliinama, akaichukua sahani, akarudi kuegemea nguzo kama mgeni aliyepita tu kuuliza njia. Akamega tonge, akatafuna, akabadili mguu. Akamega jingine, akabadili mguu tena.

"Baba Tamandani, keti ule."

"Niko sawa."

"Kigoda kina miiba?"

"Nimekaa kutwa nzima juu ya baiskeli, mama. Niache ninyooshe miguu."

Jibu lilikuwa na akili, na ndiyo maana lilimuudhi Fainesi. Tangu mvua zianze kukatika, kila jibu la mumewe lilikuwa na akili. Mbona unalala nje? Joto. Na kweli Bangula ina joto, hata kuku hulala wametanua mbawa. Mbona unaamka na kuzungukazunguka uani? Mbu. Na kweli mbu wapo, bonde zima la mto Shire ni lao. Mbona hunigusi? Hilo Fainesi hakuliuliza. Mwanamke aliyelelewa vizuri haulizi hilo. Anangoja, anapika, anaoga, anajipaka mafuta, kisha anaanza kuwapitisha kichwani wanawake wa mji, mmoja baada ya mwingine.

"Mkia wa kambare nimekuachia wewe," alisema.

"Nimeshiba."

Akaiweka sahani chini, akaikamata baiskeli, akaondoka akiisukuma. Hakuipanda mpaka alipofika mbali, mahali alipodhani mkewe hamwoni.

Lameki alikuwa mwendesha kabaza, yaani baiskeli ya kubebea abiria, na wenye kabaza pale Bangula walikuwa wengi kuliko abiria wenyewe. Basi likisimama stendi walilivamia kama nzi. Lameki hakuhitaji kuvamia. Kiti chake cha abiria, kile cha nyuma juu ya keria, kilijulikana mpaka Nsanje. Fainesi alikishona mwenyewe kwa sponji ya godoro kuukuu, akakivika ngozi nyekundu ya bandia, akakitia nyuzi za kuning'inia pembeni. Kina mama wenye magunia waliziruka baiskeli za wengine na kumfuata yeye. "Mkeo katuwekea mto," walisema.

Kiti cha mbele, cha Lameki, kilikuja na baiskeli kutoka dukani. Kilikuwa plastiki ngumu juu ya chuma, kimechongoka mbele kama mdomo wa korongo. Jua lilikipasua, naye akakifunga kitambaa. Hakuna aliyewahi kukitazama. Kiti cha mwenye baiskeli hufunikwa na mwenye baiskeli.

Ilianza kama siafu wanaotembea chini ya ngozi. Kisha yakaja maumivu, kama ya mtu aliyekalia ukingo wa panga. Halafu maumivu yakaondoka, na Lameki alimshukuru Mungu kutwa nzima kabla ya kugundua kwamba hayakuondoka peke yake, yameondoka na mengine. Pale katikati palikufa ganzi. Alijigusa chooni, akahisi kama amemgusa mtu mwingine.

Alikwenda zahanati. Muuguzi wa zamu alikuwa binti waliyeimba naye kwaya kila Jumapili.

"Shida nini, kaka Lameki?" aliuliza kwa sauti ileile ya kuitia watu.

Foleni ikanyamaza ili isikie.

"Kichwa."

"Kinauma upande gani?"

"Chote."

Akapewa vidonge vya kichwa, akavimeza palepale mbele yake, kwa adabu.

Kijiweni mambo hayakuwa bora. Sankhulani, mwenyekiti wa wenye kabaza, alikuwa mtu mnene mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Siku moja alimnyooshea Lameki kidole, wenzake wote wakiwa wamejilaza juu ya keria zao kivulini.

"Mnamwona huyu? Hakai! Mwanaume asiyekaa ana nyumba mbili. Huku akitaka kukaa, kule anaitwa!"

Wakaangua kicheko. Lameki naye akacheka. Alishangaa kuona mzaha ule haukumuuma. Ulimpasha moto kidogo, kama chai.

*

Fainesi alimwita mjomba wake, mzee Zuze, aliyekuwa mshenga wa ndoa yao. Mzee alikuja Jumamosi mchana, akanywa maji, akajifuta jasho, akaketi. Fainesi alikaa mkekani macho chini. Lameki alisimama. Upande wa pili wa ua, jirani alikuwa anapepeta mahindi polepole kuliko mahindi yanavyotaka.

"Mkwe," mzee Zuze alianza, "nimeitwa. Mtoto wetu anasema nyumba imepoa. Ni kweli?"

"Ni kweli, mjomba."

"Wewe ni mgonjwa?"

Hapo palikuwa na mlango, tena wazi kabisa. Lameki aliutazama. Akamtazama mzee, akamtazama mkewe, akausikia ungo wa jirani ukisimama.

"Hapana. Mimi mzima."

"Basi ni mwanamke."

Lameki alibadili mguu.

"Ni mwanamke," alisema.

Mzee Zuze alishusha pumzi, karibu kwa furaha. Ugonjwa ungemtoa jasho. Kesi ya mwanamke aliijua toka mwanzo mpaka mwisho. "Nani?"

Huko Lameki hakuwa amefika. Alikuwa amejenga uongo wa chumba kimoja, sasa anaulizwa nani anaishi ndani. Jina lililokuwa karibu na ulimi likatoka, kwa sababu tu asubuhi ile alikuwa amenunua mandazi.

"Dorika."

"Yule mjane wa mandazi pale stendi?"

"Yule."

Fainesi alitoa mlio mdogo, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Dorika! Walikuwa kwenye kikundi kimoja cha kina mama kanisani.

Lameki alitozwa mbuzi dume, aombe radhi, aache. Alikubali yote haraka mno. Wakati wa kuondoka mzee Zuze alimshika bega, akamwinamia sikioni.

"Mwanaume ni mwanaume, mkwe. Hilo tunalijua. Ila urudi nyumbani."

Lameki alibaki uani, bega lake bado lina joto la kiganja cha mzee. Ilikuwa muda mrefu hajaitwa mwanaume.

*

Fainesi alingoja mpaka Ijumaa, siku ya gulio. Watu walijaa stendi nzima, wauza mbuzi, wauza nyika, vile viazi vya yungiyungi, wanawake wa vijijini na vitenge vyao vipya. Dorika alikuwa anakata unga uliokandwa, beseni mbele yake, mafuta yanachemka.

"Wewe Dorika! Mumeo alipokufa nililia na wewe!"

"Ulilia, ndiyo," Dorika alisema, bado anakata. "Sasa vipi?"

"Sasa unampikia mume wangu! Unampikia na usiku!"

"Haaa!" umati ulisema, ukasogea.

"Fainesi, umelewa?"

"Amekutaja mwenyewe! Mbele ya mjomba wangu! Mbuzi keshatozwa!"

Akalipiga teke beseni. Unga ulimwagika, ukajiviringisha mavumbini mpaka ukabadilika rangi. Mtu alipiga mluzi. Sankhulani alicheka huku amejishika tumbo, akimtafuta Lameki kwa macho ampongeze.

Dorika hakupigana. Alichuchumaa, akaanza kuokota madonge yenye mchanga, moja moja, kana kwamba yanafaa bado.

"Mume wako," alisema taratibu, "hununua mandazi mawili, huyala palepale amesimama, huondoka. Hata benchi langu hajawahi kulikalia. Mimi nilidhani ananidharau."

Hakuna aliyemsikiliza isipokuwa Fainesi, naye hakutaka.

Aliporudi nyumbani alikuta uani hamna mtu. Lameki alikuwa amekwenda kwa miguu kumpeleka mbuzi wa faini kwa mzee Zuze. Baiskeli imeegemezwa ukutani. Fainesi aliitazama, hasira zikapanda upya. Alifunga nguo zake ndani ya kitenge, akalifunga furushi juu ya kile kiti chekundu cha abiria, akamwambia jirani amtazamie Tamandani akirudi shule.

"Unakwenda wapi, mama Tamandani?"

"Tengani, kwa kaka yangu. Mwambie baba yake akitaka baiskeli aifuate huko. Kama ana miguu ya kumfuatia mwanamke, ana ya kufuatia baiskeli."

Akapanda. Alijua kuendesha tangu usichana, ila hakuwahi kwenda mbali. Mwanzoni aliendesha kwa hasira, na hasira ni mafuta mazuri. Alipita mashamba ya pamba, akapita reli. Njia ilikuwa ya mashimo, na kila shimo lilimpiga kutoka chini. Furushi lake nyuma lilistarehe kwenye sponji. Yeye alianza kusogea. Akakaa upande wa kulia, akakaa upande wa kushoto, akasimama juu ya pedeli, akachoka, akakaa tena. Siafu walimtembea. Kisha likaja panga. Alikaza meno, akamtukana Lameki, akamtukana Dorika, akaendelea. Na karibu na Phokera panga likatoweka, pale katikati pakawa kimya.

Alishuka kwenye pampu ya maji. Mama mmoja aliyekuwa anachota alimsogezea ndoo iliyofudikizwa.

"Dada, umetoka mbali. Keti upumzike."

"Ahsante, nitasimama," alisema Fainesi. "Niko sawa."

Akajisikia akisema maneno ya mumewe.

Alibaki ameshika mkono wa pampu, akabadili mguu. Akaubadili tena. Alikwenda nyuma ya kichaka kujisaidia, na huko aligundua kwamba hasikii kitu. Maji yalitoka kama ya mtu mwingine. Alirudi mbio, akasimama mbele ya baiskeli, akakitazama kile kiti cha mbele kilichofungwa kitambaa, kirefu, chembamba, kimekaza kama ngumi. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, alikitazama.

"Mungu wangu," alisema.

"Umesahau kitu?" mama wa pampu aliuliza.

"Ndiyo," Fainesi alisema, akageuza baiskeli. Alirudi Bangula akiisukuma.

*

Lameki alikuwa uani, anazunguka. Alipomwona mkewe akiingia na vumbi mpaka kwenye nyusi, alisimama.

"Nilidhani umekwenda Tengani."

"Nilikwenda. Keti."

"Niko—"

"Ukiniambia uko sawa nitapiga kelele majirani waje. Keti."

Aliketi kwenye kigoda, upande mmoja, kama mtu aliyekalia yai.

"Tangu lini?" Fainesi aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Nimepanda baiskeli yako mpaka Phokera, baba Tamandani. Mara moja tu. Nimeshuka sina kitu huku chini, kama nimekatwa. Wewe unapanda kila siku na mtu nyuma, na gunia lake. Tangu lini?"

Lameki aliinamisha kichwa. Akachora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Tangu mvua."

"Na Dorika?"

"Hakuna Dorika."

"Ulimtaja!"

"Mjomba wako aliuliza nani."

"Si ungesema ukweli!"

"Ningesemaje?" Lameki aliinuka. Hakuweza kukaa hata kwa hasira. "Niseme mbele ya mzee Zuze, na yule jirani na ungo wake, kwamba mimi nimebaki suruali tupu? Fainesi, mwenye mwanamke wa nje hutozwa mbuzi. Mwenye shida yangu hutozwa mke."

Fainesi alimpiga kwa kitenge begani, mara moja, kwa nguvu. Kisha akajitupa mkekani, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Na unga wa watu nimeumwaga! Gulio zima linaona! Nimelipiga teke beseni la mtu kwa sababu ya kiti!"

"Ulimwaga unga?"

"Hukusikia? Kila mtu anacheka huko."

Lameki hakuwa amesikia. Rangi ilimtoka.

*

Asubuhi yake Fainesi alichukua mkasi. "Nilimshonea abiria mto," alisema, "nikakuacha wewe juu ya panga."

Alianza na alichokijua. Alikata sponji nene, akaifunga juu ya kile kiti, akaivika ngozi. Safari ya kwanza Lameki alirudi anatabasamu kama bwana harusi. Jioni alirudi anasukuma. Sponji ilikuwa imedidimia pale mifupa inapokaa, na katikati imeinuka kama unga uliochachuka, ikimsukuma palepale pabaya. Ulaini umezidi ugumu kwa ubaya.

Seremala aliwachongea cha mbao, kimetobolewa katikati. Tundu lilikuwa wazo zuri, kingo zake hazikuwa. Lameki alifika stendi anatembea miguu imeachana.

"Jamani, Lameki amepanda kinu!" Sankhulani alipaza sauti. "Twanga taratibu, kaka, mahindi ni ya wote!"

Walikaribia kukata tamaa. Lameki alisema atauza baiskeli. Fainesi aliuliza nani atanunua baiskeli isiyo na pa kukalia. Wakanuniana. Siku hiyo Fainesi alikuwa anakandika baraza kwa udongo mbichi, na kwa hasira alikuwa anausugua mpaka unalia. Ghafla akaacha.

"Njoo ukae hapa."

"Kwenye matope?"

"Suruali nitafua mimi."

Lameki alikaa, akainuka. Udongo ulibaki na mashimo mawili, ya kina, yamekaa mbalimbali kama macho ya bundi. Katikati ulikuwa laini, haukuguswa. Fainesi alikaa pembeni yake naye, akainuka. Mawili vilevile, yake yameachana zaidi. Wakayainamia, vichwa vyao vimegusana.

"Tazama," Fainesi alisema, akitia kidole. "Unakalia hapa na hapa. Hapa katikati hukalii kitu. Sasa kiti chako kimejaa wapi?"

"Katikati," Lameki alisema polepole. "Panapotakiwa kuwa na chuma hapana. Pasipotakiwa ndipo kilipo."

Wakapima mashimo kwa kijiti. Fundi wa kuchomelea alikata ile pua ndefu, akatanua nyuma, akaunga vyuma viwili vilivyoachana mpaka mbele. Fainesi alichana tyubu kuukuu vipande virefu, akavisuka juu ya chuma kama kinavyosukwa kitanda cha kamba, kulia peke yake, kushoto peke yake, katikati wazi. Kilipokwisha kilikuwa kibaya kutazama. Kilifanana na kwato.

Nacho kilishindwa. Abiria alipopanda, uzito ulivuta zile pande mbili zikakutana na kumbana Lameki mpaka akaruka chini katikati ya njia, mama wa watu akabaki ameshika kuku wake wawili. Lameki alirudi, akakitupa uani. Kikadunda. Alikizunguka mara kadhaa, akimsukumia Mungu maneno, na katika kule kuzunguka akaona kitu.

"Mama Tamandani, kitanda chetu kina mti wa kuvuka chini. Ndiyo maana hakikunjiki."

"Hiki hakina."

"Hiki hakina!"

Wakatia chuma cha kuvuka chini, kisimguse mtu. Fainesi akasuka upya, nyuma kwa kukaza, mbele kwa kulegeza. Lameki akainamisha sehemu ya mbele kidogo, ule upana wa kidole. Akapanda, akaenda mpaka njia ya Chikwawa na abiria mzito kuliko wote wa Bangula, akarudi. Fainesi alikuwa mlangoni. Lameki alishuka na kusimama kimya, kana kwamba anasikiliza redio ya mbali.

"Vipi?"

"Siafu," alisema. "Fainesi, siafu wamerudi. Inauma."

Wakashikana mikono kama watoto, wakifurahia maumivu. Mengine hayakuwa yamerudi. Hawakuyataja.

*

Kijiweni walikiita kwato ya mbuzi. Lameki aliwaacha waite. Lakini Fainesi, akipita stendi, alianza kuona asichotaka kuona. Mafuta ya Dorika yalikuwa baridi. Wake za watu walikuwa wamewakataza waume zao. Wenye kabaza walipita mbali na benchi lake, isipokuwa wale waliokuja na maneno machafu. Kanisani kina mama walimpisha Dorika nafasi pana kuliko alivyohitaji.

Fainesi alimfuata nyumbani kwake. Alimkuta anafunga vyombo ndani ya gunia.

"Dada, nimekuja. Nilikosea. Hakukuwa na kitu. Mume wangu alisema uongo na mimi nikaubeba."

"Nilijua hakukuwa na kitu," Dorika alisema. "Nilikuwepo."

"Nisamehe."

"Hapa? Mimi sikutukanwa hapa."

"Nitakulipa unga. Nitaleta na mbuzi."

"Mbuzi wenu mleni. Jina langu lilimwagwa stendi, likaokotwe stendi. Na usiokote wewe. Aokote aliyelisema." Akalivuta gunia. "Nitangoja kidogo. Si sana. Dada yangu wa Blantyre ananiita."

Lameki aliposikia alianza kuzunguka ua tena kama zamani.

"Nitasema nilimsingizia."

"Watauliza kwa nini."

"Nitasema nilikuwa nimelewa."

"Hunywi, na wote wanajua."

"Basi wewe unataka nini, Fainesi? Nisimame mbele ya Sankhulani niwaambie...?"

"Mimi sitaki kitu. Mimi nina mume, nina kiti. Yeye ndiye hana."

Lameki alikwenda Jumanne, saa ya jua kali, stendi ikiwa imelala. Alisimama mbele ya benchi la Dorika, akayasema kwa sauti ya kuongea na shati lake. Kwamba alikuwa mgonjwa, ugonjwa wa kiume, wa baiskeli. Kwamba aliona aibu. Kwamba alilitaja jina lake kwa sababu lilikuwa karibu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye mikono.

Dorika alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole kwa ugonjwa," alisema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi nilitukanwa Ijumaa, gulio limejaa. Leo kuna watu watatu na mbwa, na mmoja wa watu amelala. Rudi Ijumaa."

*

Ijumaa Lameki alikuja na Fainesi nyuma kwenye keria. Mabasi mawili yalikuwa yamefika pamoja, na watu walikuwa wanapitana kwa mabega. Alimshusha mkewe, akaisukuma baiskeli mpaka mbele ya Dorika, akaigonga kengele. Akaigonga tena. Hakuacha kuigonga mpaka watu wakageuka.

"Kwato ya mbuzi imefika!" Sankhulani alishangilia. "Na leo inauza nini?"

"Nina neno," Lameki alisema. Sauti ilimkatika, akaianza upya. "Wote mlisikia kwamba mimi na huyu mama tuna mambo. Hatuna. Hatujawahi. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema uongo."

"Kwa nini?" mtu aliuliza, kama Fainesi alivyotabiri.

"Kwa sababu nilikuwa nimekufa." Akapiga kile kiti kwa kiganja. "Si hiki. Kile cha dukani. Kiliniua hapa katikati, ganzi, miezi. Sikuwa mume nyumbani. Nikaona heri niitwe mzinzi kuliko kuitwa hivyo. Nikalichukua jina la mtu asiyenikosea, nikajifunika nalo kama blanketi. Basi ndiyo hivyo. Sasa mnajua."

Kicheko kilipasuka, kikazunguka stendi nzima. Lameki alikingoja kipite kama anayengoja treni. Kilipopungua aliona kwamba hakikutoka kila mahali. Wauza mbuzi walicheka. Makondakta walicheka. Lakini chini ya kile kivuli cha kijiwe, wenye kabaza wengi walikuwa wanatazama magurudumu yao, na Sankhulani, aliyekuwa ameshafungua mdomo, aliufunga, akajisogeza kidogo juu ya kiti chake, upande huu, kisha upande ule.

Kondakta mmoja alichomoza kichwa dirishani. "Na sasa je, kaka? Umeme umerudi?"

Umati ulilipuka. Lameki alikuwa amejiandaa kwa yote isipokuwa hilo, na jibu la kweli lilikuwa kwamba hajui. Kulikuwa na asubuhi fulani za matumaini. Hakukuwa na zaidi.

"Hilo niulizwe mimi!"

Watu waligeuka. Fainesi alikuwa amepanda juu ya gunia la mahindi la mtu, kitenge amekifunga kiunoni kwa nguvu, mikono kwenye nyonga.

"Haya, mama, tunakuuliza!"

"Nitazameni basi! Mnaona mtu mwenye njaa hapa?"

Wanawake walipiga vigelegele mpaka punda akakurupuka. Lameki alimtazama mkewe pale juu, anavyodanganya umati mzima bila kupepesa.

Dorika hakucheka. Alikuwa ameinama anapuliza moto, na ulipowaka alibandika karai, akamimina mafuta.

"Wanaonunua wajipange huku," alisema. "Wanaocheka wasogee kule, wananizibia upepo."

Mstari ulianza na mtu mmoja, muuza mbuzi, kisha wawili wa basini, kisha ukakunja kona. Fainesi alishuka kwenye gunia, akaomba radhi kwa mwenye nalo, akaenda kusimama mwisho wa mstari. Alingoja juani kama wengine. Zamu yake ilipofika, Dorika alimtazama usoni kitambo kirefu, akamfungia mandazi kwenye gazeti, akapokea hela yake, akamrudishia chenji.

"Anayefuata," alisema.